Nani Anashika Ufunguo Njiani?

Msikilizaji, chini ya barabara za Uholanzi, kati ya Delft na The Hague, zimelazwa nyaya za faiba kama hizi zinazotuletea intaneti. Mwaka 2024 watafiti wa QuTech, taasisi ya kwanta ya Delft, walitangaza kwamba kupitia kilomita 25 za nyaya hizo wamefungamanisha mitambo miwili midogo ya kwanta, hali zake zikawa kama kitu kimoja ingawa iko mbalimbali, kila mmoja ukiwa na kipande cha almasi.

Maabara unaipoza na kuituliza upendavyo. Barabara haikusikilizi. Joto likibadilika faiba hurefuka, fotoni, yaani chembe ya mwanga inayobeba mfungamano, ikachelewa kidogo, na mfungamano ukapotea. Tena mwanga wa almasi ni mwekundu, hufifia upesi ndani ya faiba, ikabidi ubadilishwe uwe wa masafa ya kampuni za simu. Hata huo, baada ya kilomita 100, hubakiza kama fotoni moja kati ya mia. Wala fotoni ya kwanta hainakiliki, kwa hiyo haiongezewi nguvu njiani kama tunavyofanya kwenye mikongo ya baharini.

Ndiyo maana njia ya China kutoka Beijing hadi Shanghai, iliyofunguliwa mwaka 2017 kwa urefu wa kilomita 2,000 hivi, ina vituo 32. Njia hiyo husafirisha ufunguo wa siri wa kufungia ujumbe, na katika kila kituo cha njiani ufunguo huo unakuwa wazi, kisha unafichwa tena. Setilaiti iliyounganisha China na Stellenbosch, Afrika Kusini, nayo iliujua ufunguo ilioubeba. Delft pia wana kituo katikati, lakini hicho hata kikishikwa na adui hakiijui siri. Tofauti hiyo ni kubwa mno, na anayeuza mtandao wa kwanta bila kuitaja anamnyima mnunuzi haki yake.

Vifaa vya kusafirisha ufunguo kwa njia ya kwanta vinauzwa tayari. Benki au wizara ikiletewa, iulize: vituo vingapi, viko kwa nani, nani anaingia humo usiku? Kwa leo mimi ningeanza na mbinu mpya za usimbaji, zilizobuniwa kuhimili kompyuta za kwanta, ambazo taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilizitoa Agosti 2024. Zinafanya kazi kwenye kompyuta tulizo nazo.

Delft nao wapewe fedha na subira. Kinachohitajika sasa ni kifaa cha kuhifadhi mfungamano mpaka kipande kinachofuata cha njia kiwe tayari, kikae miezi katika chumba cha mitambo cha kampuni ya simu, bila mtafiti kusimama kando yake.