TUBAKIZE MTAMA WETU TUULE
(Mazungumzo ya mjumbe wa kamati ya ghala mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimepewa nafasi niseme juu ya unga. Kila tukivuna malori yanakuja kuchukua mtama, mwingine unakwenda kwenye viwanda vya bia. Fedha tunapata, sikatai. Lakini ikifika Januari, mtu yule yule aliyeuza mtama yuko dukani anapimiwa sembe kilo moja moja, tena kwa mkopo. Chetu kinatoka kwa bei ya mavuno, cha wenzetu kinaingia kwa bei ya njaa.

Wapo wanaosema ugali wa mtama ni chakula cha shida. Ajabu! Waulizeni wazee juu ya njaa ya 1974. Unga wa msaada ulikuwa wa mahindi ya njano kutoka Marekani, watu wakauita unga wa Yanga kwa rangi yake. Basi chakula cha shida kilikuwa kipi hapo?

Mvua yetu Dodoma ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, kama milimita 550 hadi 600 hivi, na Februari hupenda kukatika. Mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele, kwisha. Mtama hukunja majani ukangoja. Adui yake ni kweleakwelea, na kulinda ndege ni kazi, hilo halina ubishi.

Sasa nyumbani kwetu tulifanyaje? Hatukuamka siku moja tukaifukuza sembe, watoto wangegoma. Tulianza na uji wa asubuhi, uji wa uwele, tukatia karanga za kusaga. Mwezi mzima uji tu, ugali hatukuugusa. Halafu ugali wa jioni: bakuli tatu unga wa mahindi, bakuli moja mtama mweupe. Hakuna aliyesema neno. Tukaenda nusu kwa nusu, hapo mzee akauliza, mbona ugali wa siku hizi unakaa tumboni? Mavuno yaliyofuata sembe ikabaki ya wageni, na wageni nao wakiuona mlenda wanautaka ugali wa mtama.

Akina mama, sikilizeni hapa, maana wengi wanakatia tamaa hapa. Unga wa uwele una mafuta, haukai. Ukisaga debe zima, wiki mbili tu unanuka na kuwa mchungu, halafu watu wanasema uwele mbaya. Sageni wa siku chache, punje zibaki kwenye kihenge. Mtama nao ukobolewe kwanza ndipo usagwe. Ule mwekundu mchungu uacheni kwa pombe. Hata ndege hawaupendi. Wa ugali ni mweupe, kama ile mbegu ya Macia iliyoidhinishwa nchini mwaka 1999. Kwa uwele zipo Okoa na Shibe.

Tupige hesabu. Nyumba ya watu sita ikipika kilo mbili na nusu za unga kwa siku, kwa mwaka ni kilo 912. Yaani magunia tisa ya kilo mia na kidogo juu, bado pumba za kukoboa. Wekeni kumi. Aliyevuna kumi na nne auze manne. Aliyevuna sita asiuze hata moja, lori lingoje! Ada ya shule na auze alizeti au karanga, au kuku.

Kwa hiyo naleta ombi kwenye mkutano huu: kabla ya kumfungulia mnunuzi yeyote mlango wa ghala, karani aandike kila nyumba ina watu wangapi na imebakiza magunia mangapi. Asiyetaka kuandikwa asilazimishwe, lakini asije kukopa ghalani Februari.

Jumamosi, baada ya kazi ya shamba la ushirika, tutapika ugali wa aina tatu hapa ghalani: wa kuchanganya, wa mtama mtupu na wa uwele. Mboga ni mlenda na majani ya kunde. Kila mtu aje na bakuli lake, na waume waje pia, maana wao ndio wanaouza.