Mgongo, Viungo na Mishipa ya Fahamu: Mkandaji Aguse Wapi na Aishie Wapi
(Mada kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wakandaji, Visiga, Kibaha)



Kiuno kikimbana mtu hapa Visiga, mara nyingi haanzii Hospitali ya Tumbi. Huanzia kwa mtu anayejua kukanda. Hupakwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, huchuliwa taratibu, kisha hupindwa au kuvutwa mpaka kiungo kilie. Vijana nao wanaona jambo la namna hiyo kwenye simu zao, likifanywa ng'ambo na mtu aliyevaa koti jeupe, nao wanauliza kama hiyo kairopraktiki ni tiba kweli au ni kukanda kulekule.

Kairopraktiki ilianzia Marekani, katika mji wa Davenport, Iowa, mwaka 1895. Daniel David Palmer alimsukuma pingili ya mgongo Harvey Lillard, mfanyakazi wa usafi aliyekuwa na tatizo la kusikia, akatangaza kwamba usikivu umerudi. Kutokana na hapo alijenga nadharia kwamba karibu maradhi yote hutokana na pingili zilizohama na kubana mishipa ya fahamu. Nadharia hiyo haikusimama. Mshipa wa fahamu wa kusikia hutoka sikioni ukaingia kwenye ubongo ndani ya fuvu, haupiti mgongoni. Kwa hiyo anayewaambia kwamba kwa kunyoosha mgongo ataponya kisukari, presha au utasa, msimpelekee mgonjwa wala fedha.

Hata hivyo, nadharia kuanguka si sababu ya kuitupa kazi yote ya mikono. Kiungo kinapovutwa ghafla, shinikizo la majimaji ya utelezi yaliyo ndani yake hushuka na uwazi wa gesi hujitokeza. Mwaka 2015 watafiti wa Kanada waliuonyesha uwazi huo kwa picha za MRI wakati kidole kikivutwa. Ule mlio ndio huo. Hakuna mfupa uliorudi mahali pake, na mtu ambaye pingili yake imehama kweli baada ya ajali yuko katika hatari ya kupooza. Hafai kabisa kukandwa. Kinachomsaidia mgonjwa wa kawaida ni kwamba mvuto unaamsha vipokezi vilivyo kwenye kiungo na misuli. Vipokezi hivyo hupeleka taarifa kwenye ugwe mgongo, misuli iliyokuwa imekaza hulegea, maumivu hupungua na kiungo hupata nafasi ya kusogea. Nafuu hiyo ni ya kweli, lakini mara nyingi ni ya muda mfupi. Mgonjwa akiitumia kurudi kulala kitandani, ameipoteza. Akiitumia kutembea, kuinama na kufanya mazoezi, ameipata faida.

Ndivyo linavyoelekeza pia Shirika la Afya Duniani. Mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno umeikubali tiba ya kunyoosha mgongo kwa mikono, ikiambatana na elimu na mazoezi. Tukumbuke kwamba shirika hilo linakadiria watu milioni 619 duniani waliishi na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Wengi wao hawahitaji upasuaji.

Sasa niseme jambo ambalo ndilo hasa lililonileta. Ugwe mgongo hauendi mpaka chini. Kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiunoni, na kuanzia hapo ni fungu la mishipa ya fahamu inayoteremka kwenda miguuni, kwenye kibofu na kwenye njia ya haja kubwa. Diski ikitoka na kulibana fungu hilo, mkono wa mkandaji hauna cha kufanya. Kwa hiyo, kabla hujapaka mafuta, muulize mgonjwa, tena faraghani: unapata ganzi kwenye sehemu unayokalia ukipanda baiskeli? Mkojo unazuilika au unakuvuja bila kujua? Kisha mwambie atembee hatua chache kwa visigino, halafu kwa ncha za vidole. Mguu mmoja ukiburuza au kisigino kikigoma kunyanyuka, mwandalie safari ya hospitali. Na kama ana ile ganzi au mkojo umemshinda, aende siku hiyohiyo. Kuchelewa kunaweza kumwacha na ulemavu wa kudumu.

Mgongo unaouma usiku, ukiambatana na homa za jioni, jasho na kukonda, nao si wa kuvuta. Kifua kikuu hula pingili za mgongo, na hata watoto huota kibyongo kwa sababu yake. Pingili iliyoliwa ukiipinda inavunjika. Mzee mwenye saratani ya tezi dume anaweza kuwa katika hali hiyohiyo, saratani ikiwa imehamia mifupani.

Shingo naomba tuiache kabisa. Mishipa miwili ya damu inayopanda kwenda ubongoni hupita ndani ya matundu ya pingili za shingo, na kuipinda shingo ghafla kunaweza kuichana mishipa hiyo na kusababisha kiharusi. Ni nadra, lakini likitokea halirudishwi.

Ndugu zangu wa bodaboda, nanyi mko barabara ya Morogoro kila siku na mnafika kwenye ajali kabla ya sisi. Majeruhi asivutwe kwa kwapa, asikalishwe, asinyooshwe shingo. Mmoja ashike kichwa kisicheze, wengine wamgeuze mwili mzima kwa pamoja, wamlaze kwenye ubao au mlango.

Kwa vijana wanaouliza kuhusu kairopraktiki, Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2005, lilitaka mkairopraktiki asome saa zisizopungua 4,200, kati ya hizo 1,000 akiwa kwa wagonjwa chini ya msimamizi. Barani kwetu mafunzo hayo yanatolewa Durban na Johannesburg. Hapa nchini, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inataka waganga na watoa tiba wasajiliwe, na mazoezi tiba yanapatikana katika hospitali zetu kubwa.

Wakandaji wetu sitawaambia waache kazi. Ninawaomba waulize maswali niliyoyataja kwa kila mgonjwa wa mgongo, na wahudumu wa afya wampokee mgonjwa aliyeletwa na mkandaji bila kumkaripia, maana akikaripiwa leo, kesho mkandaji hatamleta mwingine.