Maji ya Siku Tatu

Katika mazungumzo yetu na watu wa ndoa, baba mmoja ameuliza kama inafaa bwana na bibi kutumia akiba yao kwa kutembea tu, kuangalia dunia. Mimi nasema inafaa, ila safari inapima ndoa kuliko sebule. Nitawaeleza habari za Florida Keys, visiwa vya kusini kabisa mwa Florida, huko Marekani, ambako wawili wanaweza kwenda na hema ndani ya gari.

Ni visiwa vidogo vilivyofuatana kama shanga. Barabara moja inavipitia, kilometa zaidi ya 180 na madaraja 42, mpaka Key West. Daraja moja lina karibu kilometa 11. Ukiwa juu yake, maji kushoto, maji kuume. Kando yake limesimama daraja la zamani, la reli ya tajiri Henry Flagler. Reli hiyo ilifika Key West mwaka 1912, naye akafa mwaka uliofuata.

Tarehe 2 mwezi wa 9, 1935, kimbunga kikaivunja. Watu zaidi ya 400 walikufa. Wengi wao walikuwa askari wa zamani wa vita kuu vya kwanza, waliopewa kazi ya kujenga barabara na kulazwa kambini, katika mahema na vibanda vya mbao. Gari-moshi lilitumwa kuwaokoa, lakini lilichelewa. Lilipofika Islamorada, maji yakayaangusha mabehewa, injini ikabaki imesimama.

Nayasema haya kwa sababu hema halina ukuta. Majira ya vimbunga ni tangu mwezi wa 6 hadi wa 11, na tangazo la kuondoka likitoka, kwa kawaida wageni ndio wanaoambiwa kwanza. Ndipo mama anasema, "Baba, tukunje hema," na baba anajibu, "Tumeshalipa siku tatu." Mnakumbuka Matendo 27: akida alimsikiliza nahodha, akamwacha Paulo, na merikebu ikavunjika. Feza ya siku tatu ni kitu gani? Kunjeni hema!

Wenye moyo wanavuka Key West kwa boti au ndege ndogo, karibu kilometa 110 tena, hadi Dry Tortugas. Huko kuna ngome kubwa ya matofali zaidi ya milioni 16, iliyoanza kujengwa mwaka 1846 na haikumalizika kamwe. Jina lake linasema visiwa ni vikavu: bahari pande zote, na hakuna maji ya kunywa. Anayelala pale anabeba maji yote, chakula chote, na kurudi na takataka zake. Duka la chakula hakuna. Kwa hiyo wawili wanakaa mezani kwao kabla ya safari na kuhesabu: maji ya kunywa, ya kupikia, na ya siku moja zaidi, maana bahari ikichafuka boti haiji. Hapo asiwepo wa kusema, "Nilifikiri wewe umebeba."

Alasiri boti inarudi na wageni wa siku moja. Mtandao wa simu haufiki. Baba na mama wanabaki na ngome, nyota, na maneno ambayo nyumbani hawakupata nafasi ya kuambiana.