Shule Ndogo ya Msingi Inayofaulisha: Kinachozivuta Familia katika Wilaya za Mbulu na Hanang

1. Shule inayozungumziwa

Shule ndogo, kwa maana ya mada hii, ni shule ya msingi ya serikali yenye mkondo mmoja kwa kila darasa, ambayo darasa lake la saba huwa na watahiniwa wasiofika 40. Kipimo hicho kinatokana na utaratibu uliozoeleka: katika matokeo ya darasa la saba, Baraza la Mitihani la Tanzania lilikuwa likizigawa shule katika makundi mawili, zenye watahiniwa 40 na zaidi na zenye pungufu ya hapo, ili kila shule ilinganishwe na za ukubwa wake.

Katika Mbulu na Hanang shule za namna hii hazikosekani. Mbulu mjini, Haydom na Katesh zipo shule kubwa zenye mikondo kadhaa. Ukitoka huko kuelekea milima ya Kainam, bonde la Yaeda au tambarare za Basotu na Balangdalalu, makazi hutawanyika na shule hupungua ukubwa. Nyingi zina historia inayofanana. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 na mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa mwaka 1977 viliweka shule katikati ya vijiji. Baadaye watu walisambaa tena kufuata mashamba na malisho, na vitongoji vya mbali vikaanza kujenga vyumba vyao. Vyumba hivyo vilianza kama shule shikizi chini ya shule mama, kisha baadhi vikasajiliwa na kujitegemea. Mwaka 2021, kupitia fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19, serikali ilijenga madarasa 15,000 nchini, na 3,000 kati ya hayo yalikuwa ya shule shikizi.

Shule ya namna hii ikianza kufaulisha, jina lake husambaa haraka. Wazazi wa vijiji jirani huleta watoto na kuwaweka kwa shangazi au kwa bibi ili wasome hapo, na mwalimu mkuu huombwa nafasi hata katikati ya mwaka. Sababu za mvuto huo zinafaa kuchambuliwa moja moja, kwa kuwa si zote zinazotokana na matokeo ya mtihani.

2. Umbali

Jambo la kwanza ambalo mzazi hulipima ni njia. Mbulu iko juu, baridi ya Juni na Julai ni kali, na wakati wa mvua njia za milimani huteleza na makorongo hujaa maji. Mtoto wa miaka sita hawezi kutembea saa nzima katika hali hiyo, akafika akiwa mkavu na tayari kusoma. Shule iliyo kitongojini humwezesha kuanza kwa umri unaotakiwa. Iliyo mbali humchelewesha hadi miaka minane au tisa, na mtoto anayeanza kwa kuchelewa ndiye anayeacha mapema.

Kwa wafugaji wa Kibarbaig wa Hanang, umbali una uzito wa aina yake. Mtoto akisoma karibu anaweza kusaidia kutoa ndama kabla ya kipindi cha kwanza na kurudi kabla mifugo haijaingia zizini. Shule ikiwa mbali, familia hulazimika kuchagua kati ya darasa na ng'ombe, na darasa hushindwa mara nyingi.

Bweni ni jibu jingine la umbali. Shule ya Msingi Yaeda Chini, kwa mfano, ina bweni linalopokea watoto wa Wahadzabe. Hata hivyo bweni humtenga mtoto mdogo na kwao, na utoro wa kurudi kambini ni tatizo la muda mrefu. Mwaka 2023 serikali ilizuia kwa jumla huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Hivyo hata familia zenye uwezo wa kulipia bweni la shule binafsi zilianza kuzitazama upya shule za kutwa zilizo jirani.

3. Uangalizi wa mwalimu

Jambo la pili, na ndilo lenye nguvu zaidi, ni kwamba katika shule ndogo mtoto hapotei. Darasa la watoto 28 huitwa majina yote kwa dakika chache, na asiyekuwepo hujulikana saa mbili asubuhi. Kabla ya mchana mwalimu wa darasa ameshamtuma jirani kuuliza. Katika darasa la watoto 110, daftari la mahudhurio linaweza kujazwa bila mtu kugundua kwamba mtoto hajaonekana wiki mbili.

Uangalizi huo huonekana kwenye daftari la mtoto. Mzazi asiyejua kusoma hawezi kuukagua mtalaa, lakini anajua kuitazama kalamu nyekundu. Akifungua daftari la Hisabati akakuta kila zoezi lina alama ya vema au mkasi, tarehe, na kosa lililosahihishwa chini yake, anajua mwalimu amepita hapo. Akikuta kurasa kumi hazijaguswa, anajua pia. Mwalimu wa watoto 28 anaweza kusahihisha madaftari yote siku hiyo hiyo. Mwalimu wa watoto 110 hawezi, hata akiwa na bidii ya namna gani.

Makazi ya walimu yana sehemu yake. Vijijini nyumba za kupanga ni chache, na mwalimu anayekaa mjini hutegemea pikipiki na hali ya barabara. Kijiji kilichojenga nyumba mbili au tatu za walimu hupata walimu wanaofika mapema, wanaobaki na darasa la saba jioni, na wanaokutana na wazazi gulioni na kanisani. Mazungumzo ya hapo husaidia kuliko barua ya wito.

Nidhamu nayo huangaliwa. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 haziruhusu zaidi ya viboko vinne, tena kwa idhini ya mwalimu mkuu na kwa kuandikwa kitabuni. Mahali ambapo mtoto huchapwa kwa kuchelewa kutokana na mto kujaa, mtoto huiogopa shule na utoro huongezeka. Shule inayojulikana kwa kuonya na kuita mzazi kwanza huvutia hasa familia ambazo kwao mtoto ni wa kwanza kusoma.

4. Lugha na madarasa ya mwanzo

Watoto wengi wa wilaya hizi hufika shuleni wakiwa na Kiiraqw, ambacho ni lugha ya Kikushi, au Kidatoga, cha jamii ya Kinailoti. Wachache wana Kihadzabe, lugha isiyo na ndugu wa karibu. Wengine, hasa upande wa Basotu, wana Kinyaturu au Kinyiramba. Kiswahili, lugha ya kufundishia tangu awali, kwa wengi wao ni lugha ya pili.

Hapa ndipo shule nyingi hupoteza watoto bila kujua. Mtoto asiyeelewa maelekezo hukaa kimya, mwalimu humwona mzito, naye hufika darasa la tatu bila kusoma sentensi. Shule zinazofaulisha humpa darasa la awali na la kwanza mwalimu hodari, badala ya kuwaweka hodari wote darasa la saba. Mwalimu huyo husalimia kwa lugha ya nyumbani, hueleza kwa vitendo na picha, kisha huhamia Kiswahili hatua kwa hatua. Mtalaa wa darasa la kwanza na la pili, ambao tangu mwaka 2015 umetilia mkazo Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, unatoa nafasi ya kazi hiyo. Mzazi huyaona matunda mapema: mtoto wa darasa la pili anamsomea bibi ujumbe wa simu.

5. Uji, michango na uwazi

Elimu ya msingi hutolewa bila ada, na tangu Januari 2016 michango ya lazima imepigwa marufuku. Chakula cha shuleni kimebaki jukumu la wazazi kwa makubaliano yao, na makubaliano huwa rahisi katika jamii ndogo. Baada ya mavuno, kila kaya huleta debe la mahindi na kiasi cha maharage, kamati ya shule hupima na kuandika, na kuni huletwa kwa zamu. Penye shamba la shule, kwa desturi iliyoanzia kwenye Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, mavuno yake huongeza akiba.

Saa nne asubuhi sufuria ya uji hufunguliwa, na watoto hupanga mstari na vikombe vyao vya plastiki, wadogo mbele. Kwa mtoto aliyeondoka nyumbani alfajiri bila kula, kikombe hicho ndicho kinachofanya kipindi cha Hisabati cha saa tano kiwezekane. Wazazi hulijua hilo, na mahudhurio hushuka mara akiba inapoisha.

Michango hudumu pale ambapo hesabu ziko wazi. Shule zenye mvuto hubandika ubaoni mapato na matumizi, pamoja na ruzuku ya serikali, na husoma taarifa katika mkutano wa wazazi. Kijiji kilichoambiwa madebe 90 yaliingia na yaliyotumika ni 71 hakisiti kuchangia mwaka unaofuata.

Vyoo na maji huangaliwa zaidi na wazazi wa wasichana. Kiwango cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule ya wanafunzi 200 inaweza kukifikia kwa nguvu za kijiji, jambo ambalo kwa shule ya wanafunzi 1,000 ni mradi mkubwa. Michezo nayo haihitaji ukubwa. Mbulu ndiko alikozaliwa John Stephen Akhwari, aliyemaliza mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia mguu, na shule isiyotimiza timu ya mpira bado inaweza kutoa mkimbiaji wa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi.

6. Matokeo na namna ya kuyasoma

Mtihani wa darasa la saba una masomo sita, na mtahiniwa aliyepata daraja A hadi C ndiye anayehesabiwa amefaulu. Kwa familia, matokeo yana maana ya njia inayofunguka: wengi huenda sekondari za kata, na wachache wenye alama za juu huchaguliwa kwenda shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kilakala au Mzumbe. Kitongoji kikipeleka mtoto mmoja Ilboru, habari hiyo hukaa miaka.

Matokeo ya shule ndogo, hata hivyo, yasomwe kwa uangalifu. Penye watahiniwa 25, kila mmoja ni asilimia nne. Wawili wakishindwa, ufaulu hushuka kwa asilimia nane bila ufundishaji kubadilika. Kwa hiyo mwaka mmoja hautoshi kuisifu shule wala kuilaumu, angalau mitatu ifuatane. Halafu iulizwe wangapi waliandikishwa darasa la kwanza na wangapi wamefika la saba. Shule iliyoanza na watoto 45, ikabaki na 19, ikafaulisha wote 19, bado ina deni kwa wale 26, isipokuwa kama walihama.

7. Mipaka ya udogo

Udogo peke yake hauleti ufaulu, na una gharama zake. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na 6,000 kati ya hizo ndizo hufika shuleni. Shule ya wanafunzi 220 hupata shilingi 1,320,000, yaani 110,000 kwa mwezi, kwa chaki, ukarabati, mitihani na michezo. Shule kubwa hupata zaidi, ingawa paa lililoezuliwa na upepo lina bei ileile kwa zote.

Ikama nayo hufuata idadi. Kwa uwiano wa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, wanafunzi 220 wanastahili walimu watano, ilhali madarasa ni saba, bila kuhesabu la awali. Mwalimu mmoja akienda likizo ya uzazi, madarasa mawili huunganishwa. Shule inayoendelea kufaulisha hapo ni ile iliyopanga madarasa ya kuunganishwa kwa makusudi, darasa moja likifanya zoezi wakati jingine linafundishwa.

Mvuto wenyewe ni hatari pia. Wageni wakimiminika, darasa la 28 huwa la 60, na kile walichokifuata hutoweka. Aidha, kutokana na mabadiliko ya mtalaa yaliyoanza Januari 2024, ambapo elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita, mwaka 2027 darasa la sita na la saba yanatarajiwa kumaliza pamoja. Shule yenye walimu watano itakuwa na madarasa mawili ya mtihani kwa wakati mmoja.

8. Mapendekezo

Halmashauri zinapofanya msawazo wa walimu zihesabu madarasa pamoja na vichwa, na shule isiyo na walimu wa kutosha kwa madarasa yake isipunguziwe hata mmoja. Vijiji vitangulize nyumba ya mwalimu kabla ya jengo la utawala. Walimu wakuu wawape madarasa ya mwanzo walimu wao bora, na waanze sasa kupanga mwaka 2027. Kamati za shule zibandike hesabu za chakula kila muhula, na zitangaze idadi ya walioanza darasa la kwanza pamoja na ya waliofaulu. Na shule jirani zilizoachwa na wazazi zisaidiwe kufanya hayo hayo, maana karibu yote yaliyotajwa hapa yanawezekana katika kila kitongoji chenye mwalimu anayekaa kijijini na wazazi wanaoaminiana.