Mtaalamu wa kompyuta Ujerumani: kati ya nyongeza ya mshahara na uhuru wa kuhama kazi

Mtaalamu wa kompyuta anayetoka Nairobi, Dar es Salaam au Kigali kwenda kufanya kazi mjini Berlin huuona mshahara wake mara mbili. Mara ya kwanza huuona katika barua ya ajira, akiwa bado kwao, ambako euro hugeuzwa haraka kuwa shilingi au faranga na jamaa wote wakafurahi. Mara ya pili ni mwisho wa mwezi wa kwanza, katika karatasi ya malipo iliyojaa makato. Maneno ya Kijerumani anayoyajua kabla hajajua kuagiza chakula ni mawili, bruto na neto: mshahara kabla ya makato, na kile kinachobaki.

Hesabu yenyewe, msikilizaji, ni hii. Kwa mwaka 2026, mgeni anayeomba Kadi ya Bluu ya Umoja wa Ulaya nchini Ujerumani anatakiwa awe na mkataba wa mshahara usiopungua euro 50,700 kwa mwaka. Kwa fani zenye upungufu wa watu, teknolojia ya habari ikiwa mojawapo, kima cha chini ni kama euro 45,934. Kiwango kile cha kwanza ni euro 4,225 kwa mwezi, na katika hizo mtu asiye na ndoa wala mtoto hupokea karibu euro 2,700. Asilimia 9.3 huingia mfuko wa pensheni, na mwajiri naye hutoa kiasi hichohicho. Bima ya afya, bima ya matunzo na bima ya ukosefu wa kazi huchukua fungu lao, kisha huja kodi ya mapato.

Yapo makato ambayo hakuna aliyemwonya mgeni kuyahusu. Anayejiandikisha kuwa Mkatoliki au Mprotestanti wakati wa kusajili makazi yake hukatwa kodi ya kanisa, yaani asilimia 8 au 9 ya kodi yake ya mapato, na Wakristo wengi wa Afrika Mashariki, waliozoea kutoa sadaka kwa hiari kila Jumapili, hupigwa na butwaa. Aliyemwacha mke au mume nyumbani hukatwa kama mseja, kwa sababu nafuu ya wanandoa haimfikii mwenzi anayeishi Afrika. Tena iko kodi ya nyumba. Munich hulipa vizuri, lakini hakuna mji mkubwa wa Ujerumani wenye nyumba za kupanga ghali kuliko zake.

Baada ya miezi michache, mgeni hugundua jambo jingine. Mwenzake wa meza ya pili, mwenye kazi ileile, analipwa zaidi. Mara nyingi chanzo ni swali moja aliloulizwa katika usaili: ulikuwa ukilipwa kiasi gani huko utokako? Aliyetaja mshahara wa Kampala kwa uaminifu alijipangia mwenyewe mahali pa chini pa kuanzia. Swali hilo limeanza kufungiwa mlango. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2023 kuhusu uwazi wa mishahara unamkataza mwajiri kumuuliza mwombaji malipo yake ya zamani, na unamtaka amjulishe kiwango cha mshahara wa kazi anayoiomba. Nchi wanachama zilipewa hadi tarehe 7 Juni 2026 kuuingiza katika sheria zao. Lakini hata pasipo mwongozo huo, majedwali ya mishahara ya taasisi za umma za Ujerumani yako wazi kwa kila mtu, na mwenye kuyasoma kabla ya kutia saini hana haja ya kubahatisha.

Basi, kwa nini aliyepunjwa asiondoke mara moja? Hapo ndipo hesabu ya fedha inapokutana na hesabu ya kibali cha kuishi.

Ujerumani ilianza kuwafungulia mlango wataalamu hawa mwaka 2000, pale Kansela Gerhard Schröder alipotangaza, katika maonyesho ya kompyuta ya CeBIT mjini Hannover, mpango uliojulikana kama Kadi ya Kijani. Nafasi zilikuwa 20,000, na muda wa kukaa haukuzidi miaka mitano. Ilikuwa ni kama kumwalika mgeni huku saa ya kuondoka imekwisha kuwekwa mezani. Kadi ya Bluu, iliyoanza kutolewa nchini humo tarehe 1 Agosti 2012, ni ya namna nyingine, kwa maana inamwezesha mtu kubaki moja kwa moja. Tangu Novemba 2023, mtaalamu wa kompyuta asiye na shahada naye anaweza kuipata, mradi ana uzoefu wa miaka mitatu ndani ya miaka saba iliyopita. Kwa vijana wengi wa Nairobi waliojifunza wenyewe kuandika programu, hilo si jambo dogo.

Katika miezi 12 ya kwanza, mwenye kadi hiyo akitaka kubadilisha mwajiri, idara ya wageni inaweza kuusimamisha uhamisho huo kwa siku 30 na kuukataa ikiona masharti hayakutimizwa. Baada ya hapo yuko huru. Lakini uhuru huo una gharama yake. Mwajiri mpya humweka katika kipindi cha majaribio, kwa kawaida miezi sita, na katika kipindi hicho upande wowote unaweza kuuvunja mkataba kwa notisi ya wiki mbili. Sheria ya kumlinda mfanyakazi asifukuzwe ovyo nayo huanza kufanya kazi baada ya miezi sita, na ni katika makampuni yenye wafanyakazi zaidi ya kumi tu. Mjerumani akiachishwa katika majaribio, hupoteza kazi. Mgeni akiachishwa huanza kuhesabu miezi: kwa mujibu wa mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2021, aliyekaa na kadi chini ya miaka miwili hulindwa kwa miezi mitatu tu ya kutokuwa na kazi.

Upande wa pili wa mizani uko muda wa kupata kibali cha kudumu. Mwenye Kadi ya Bluu hukipata baada ya miezi 27 ya kazi na michango ya pensheni, au miezi 21 akijua Kijerumani kwa kiwango cha B1. Kubadilisha mwajiri hakuirudishi hesabu hiyo mwanzo, lakini afisa hutaka kuona kipato cha uhakika, na aliye katika majaribio huweza kuambiwa asubiri. Ndiyo maana anayeahidiwa nyongeza ya euro 300 katika mwezi wa 19 hufanya vyema kufikiri mara mbili. Baada ya makato, nyongeza hiyo itabaki zaidi kidogo ya nusu. Akivumilia miezi michache, atahama akiwa na kibali ambacho hakimtegemei mwajiri yeyote, na atazungumzia mshahara kwa sauti nyingine kabisa. Kwa hesabu hiyo, jioni mbili kwa wiki katika darasa la Kijerumani humlipa mgeni kuliko nyongeza nyingi, hata kama ofisini kwake Berlin watu wote wanazungumza Kiingereza.

Makubaliano ya uhamiaji kati ya Kenya na Ujerumani, yaliyotiwa saini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, hayakufuta masharti haya. Habari zilizoenea wakati huo kwamba Ujerumani imeahidi nafasi 250,000 zilikanushwa na wizara ya mambo ya ndani ya nchi hiyo.

Kwa anayekusudia kurejea Afrika Mashariki, iko hesabu moja zaidi. Aliyechangia pensheni kwa miezi isiyofika 60 anaweza, miezi 24 baada ya kuacha kuchangia na kuondoka Umoja wa Ulaya, kudai arudishiwe kile alichokatwa. Akifikisha miezi 60 hapati tena kurudishiwa; badala yake anakuwa na haki ya malipo ya uzeeni, ambayo anaweza kuyapokea hata akiwa Mombasa au Arusha. Anayerudishiwa hupewa sehemu yake mwenyewe tu. Ile ya mwajiri hubaki Ujerumani.