Wakala au Gereji ya Mtaani: Namna ya Kulinganisha Gharama za Kutengeneza Miguu ya Gari



Swali tulilopewa kulizungumzia ni fupi. Gari likianza kugonga chini, je, ni nafuu kulipeleka kwa wakala wa mtengenezaji au kwenye gereji ya mtaani? Wengi wenu mmekuja na jibu tayari, kwamba wakala ni ghali, nasi hatuna sababu ya kulibisha. Tunalosema ni kwamba swali likiulizwa hivyo humgharimu mlaji, kwa sababu humfanya alinganishe bei mbili zisizohusu kazi moja. Kabla ya kuuliza nani anatoza kidogo, ni lazima ijulikane anatoza kwa kazi gani.

Tuanze na kitu chenyewe kinachotengenezwa. Mafundi wetu huita mfumo huu miguu ya gari, na jina hilo linafaa. Springi hubeba uzito. Shokapu huituliza springi ili gari lisiendelee kurukaruka baada ya kupita shimo. Mkono wa chini, ambao gerejini huitwa amu, hulishika gurudumu mahali pake. Upande mmoja umefungwa kwenye gari kwa bushi za mpira, na upande wa pili umeungana na gurudumu kwa boljointi. Kuna pia stabilaiza, chuma kirefu kinachounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale mno kwenye kona, nacho kimeshikwa kwa linki mbili fupi. Kila kimojawapo kikichakaa hutoa sauti, na masikioni mwa asiye fundi sauti hizo zote ni moja: gari linagonga.

Lakini gharama zake hazifanani hata kidogo. Linki ya stabilaiza ni kifaa kidogo kinachobadilishwa kwa muda mfupi. Shokapu ni kazi kubwa zaidi, kwa kuwa katika magari mengi madogo shokapu ya mbele imevikwa springi iliyobanwa kwa nguvu, na kuitenganisha bila kifaa chake maalumu kunaweza kumjeruhi fundi vibaya. Hatari zake nazo hazifanani. Linki iliyochakaa hukera tu kwa kelele. Boljointi iliyolegea ikichomoka, gurudumu hulala upande na gari haliongozeki tena, liwe linaingia sokoni au liko barabara kuu na familia ndani yake. Kwa hiyo mlaji anayeambiwa "ni miguu tu, hiyo" bado hajaambiwa lolote, wala kuhusu fedha zake wala kuhusu usalama wake.

Sasa tupige hesabu. Tunasisitiza kwamba tarakimu hizi tumezitunga ili kuonyesha njia. Si bei za soko, na asije mtu akaenda nazo gerejini kubishana. Tuseme mlaji ana Toyota IST inayogonga mbele kushoto. Wakala anampa makadirio ya shilingi 1,150,000. Gereji ya mtaani inamtajia shilingi 280,000. Tofauti ni shilingi 870,000, na ni nani asiyeijua njia ya kwenda gereji ya mtaani?

Makadirio hayo yafunguliwe kifungu kwa kifungu. Ya wakala yana shokapu mbili za mbele, mauntini mbili za juu (zile raba zinazoishika shokapu kwenye bodi), linki mbili, ufundi, kupima alaimenti, kodi, na dhamana ya maandishi. Bei ya gereji ni shokapu moja kwa shilingi 200,000 na ufundi wa shilingi 80,000, basi. Tukitaka gereji ifanye kazi ileile, tutaongeza shokapu ya pili 200,000, mauntini 90,000, linki 70,000, ufundi wa upande wa pili 60,000 na alaimenti 40,000. Jumla inafika shilingi 740,000. Gereji bado ni nafuu, ila tofauti ya kweli ni shilingi 410,000, na mlaji sasa anaweza kujiuliza kwa utulivu kama dhamana na uhakika wa kifaa vina thamani hiyo kwake.

Na si ujanja wa wakala kubadilisha shokapu mbili. Shokapu za ekseli moja hubadilishwa kwa jozi, kwa sababu mpya ikiwekwa upande mmoja na nyingine iliyochoka ikaachwa upande wa pili, gari hujibu kwa namna mbili tofauti linapofunga breki au kukata kona. Gereji inayokubali kuweka moja ili kumridhisha mteja inamuuzia nusu ya kazi.

Lakini hesabu hiyo ina swali kubwa zaidi ambalo hatujaligusa. Itakuwaje ikiwa ugonjwa wenyewe ulikuwa linki peke yake? Kwa tarakimu zetu zilezile, linki mbili ni shilingi 70,000, na tuseme ufundi wake ni 30,000. Kazi yote ingekuwa shilingi 100,000. Aliyelipa 1,150,000 kwa wakala amepata angalau linki mpya ndani ya kifurushi, pamoja na vingi ambavyo hakuvihitaji. Aliyelipa 280,000 gerejini anarudi nyumbani na shokapu mpya, na gari linagonga kama jana. Hapo ndipo fedha nyingi za walaji zinapopotelea: katika kubadilisha kifaa kizima na kukiacha kibovu mahali pake. Mwenye nyumba asiyejua ni bati lipi linalovuja huezua paa zima.

Kwa hiyo shauri letu la kwanza ni hili: ulipie uchunguzi peke yake, kabla ya kuzungumza habari ya matengenezo. Fundi anayelipwa kwa kutazama hana haja ya kukuuzia kitu ili apate chakula cha mchana. Uchunguzi huo una hatua zinazoonekana, na mna haki ya kusimama mkazitazama. Fundi huanza kwa kuliendesha gari pamoja nawe kwenye barabara inayolifanya ligonge. Usimwachie funguo ukaondoka, kwa maana sauti za magari zina tabia ya wagonjwa wanaopona wakifika mlangoni pa daktari. Kisha hulinyanyua gari kwa jeki na kuliwekea stendi. Hushika gurudumu juu na chini akalitikisa, kutafuta ulegevu wa boljointi au beringi. Hulishika kushoto na kulia, kutafuta ulegevu wa tairodi. Huingiza mtaimbo kwenye amu kuona kama bushi zimepasuka. Hutazama kama shokapu imelowa mafuta yake yenyewe, dalili kwamba imevuja. Yule aliyesikiliza injini ikiunguruma dakika moja, akasema "shokapu zimekwisha", hajachunguza, amebahatisha.

Ukishajua ugonjwa, omba bei ya dawa yake sehemu mbili au tatu, kwa maneno yaleyale kila mahali. Hapo inafaa kuelewa jinsi kila upande unavyopanga bei. Wakala hutoza ufundi kwa saa, na idadi ya saa kwa kila kazi imekwisha kupangwa katika vitabu vya mtengenezaji. Mwulize saa hizo ni ngapi na kila saa ni shilingi ngapi. Ni swali la kawaida na atalijibu. Gereji ya mtaani hutaja ufundi kwa kazi nzima, na bei hiyo huweza kuzungumzwa. Lakini faida yake nyingine mara nyingi imo ndani ya bei ya spea, kwa kuwa fundi aliyekupeleka dukani huweza kupata chake kutoka kwa mwenye duka. Hatusemi kwamba ni wizi, maana naye amepoteza muda wake kukusindikiza. Tunasema iwe wazi, ili mlaji asidhani kwamba ufundi wa bei ndogo ndiyo gharama yote.

Kwenye spea ndiko kwenye tofauti kubwa, na ndiko kwenye ulaghai mwingi. Kifaa kilichomo ndani ya boksi la kampuni ya magari mara nyingi hakikutengenezwa na kampuni hiyo. KYB ya Japani, kwa mfano, hutengeneza shokapu zinazofungwa kiwandani kwenye magari ya Toyota, na pia huuza shokapu kwa jina lake yenyewe. Mlaji anayenunua kwa jina la mtengenezaji wa kifaa anaweza kupata ubora wa kuaminika kwa bei iliyo chini ya ile ya boksi la kampuni ya magari. Tatizo ni kwamba majina yanayoaminika ndiyo yanayoigwa. Katika maduka ya Kariakoo na Ilala boksi zuri si ushahidi. Ushahidi ni duka linaloandika kwenye risiti jina la kifaa, namba yake na jina la mtengenezaji. Muuzaji anayekataa kuandika neno "orijino" alilolitamka kwa mdomo wake amekwisha kukujibu.

Spea za mtumba zina wateja wengi, nasi hatuzikatai zote. Chuma kitupu kisichopinda wala kupasuka huweza kutumika tena. Lakini mpira huzeeka hata ukikaa tu, na shokapu ya mtumba ina umri usioujua na mafuta usiyoweza kuyaona. Bushi, boljointi na shokapu za mtumba ni unafuu wa miezi michache, na ufundi wa kuzifunga unalipwa mara mbili.

Mwenye gari lililoingizwa kutoka Japani likiwa limetumika akumbuke jambo moja zaidi. Magari yaliyouzwa kwa soko la ndani la Japani hutambuliwa kwa namba ya chasisi iliyo fupi kuliko ile ya tarakimu na herufi 17 inayotumika kwingineko, na aina nyingine hazikuuzwa nje ya Japani zikiwa mpya kwa jina hilo. Spea yake inaweza isiwepo stoo kwa wakala, ikabidi iagizwe. Uliza itachukua siku ngapi, kisha zidisha siku hizo kwa nauli yako ya kwenda kazini, au kwa mapato ya siku ikiwa gari ndilo linalokulisha. Kwa dereva wa teksi hesabu hiyo pekee huweza kuamua jambo. Na popote uendapo, beba kadi ya gari, ili spea itafutwe kwa namba ya chasisi badala ya kukisiwa kwa macho.

Kuna swali moja tunalopenda mmwulize fundi, kwa sababu jibu lake linamtambulisha. Mwulize boliti za bushi za amu anazikaza gari likiwa wapi. Magari mengi yenye bushi za mpira hutaka boliti hizo zikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa limekalia magurudumu yake. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, gari likishushwa mpira hujisokota na kubaki umesokotwa, na bushi mpya hupasuka mapema. Tumewaona mafundi wa chini ya mwarobaini wanaolijua hili kama jina lao, na karakana yenye sakafu ya vigae haikuhakikishii kwamba kijana uliyekabidhiwa analijua. Vilevile alaimenti ipimwe baada ya kubadilisha tairodi, amu au shokapu za mbele. Akiba ya kuiruka huliwa na matairi.

Ni lini basi bei ya wakala inastahili? Gari likiwa bado ndani ya dhamana ya mtengenezaji, nenda kwa wakala, na usome masharti ya kitabu cha dhamana kabla ya kumruhusu mtu mwingine kuligusa. Mtengenezaji akitangaza kuyarejesha magari kwa kasoro ya kiwandani, nenda kwa wakala. Gari lenye miguu ya hewa au shokapu zinazoongozwa kwa umeme linahitaji vifaa vya kompyuta ambavyo gereji nyingi hazina. Hapo anayejaribu ni ghali kuliko anayejua. Lakini kwa gari dogo la kawaida lenye umri wa miaka kumi na zaidi, ambalo ugonjwa wake umethibitishwa, gereji iliyochunguza vizuri na kuandika inachofanya ndiyo tungeichagua sisi.

Tumesema kuandika, na hapo tuwe wakali kidogo. Makadirio yawe kwenye karatasi, yakitenganisha kila kifaa na ufundi wake. Isifanyike kazi ya nyongeza kabla hujapigiwa simu ukakubali. Dhamana itaje miezi au kilomita, na iseme kama inahusu kifaa, ufundi, au vyote viwili. Ukinunua spea mwenyewe, fundi atawajibika kwa mkono wake tu, na kifaa utadaiana na duka. Dai vifaa vya zamani urudishiwe. Dai risiti ya mashine ya EFD, ambayo sheria inakutaka uidai. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa na huduma, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Lakini anayekuja kwetu kulalamika akiwa na maneno matupu hutuachia kazi ngumu. Anayekuja na makadirio, risiti na shokapu yake ya zamani ndani ya mfuko wa sandarusi, huyo tunaweza kumsimamia.

Sasa tupokee maswali. Waliokuja na makadirio yao wayashike mkononi, tutayasoma pamoja kifungu kwa kifungu.