Lingkodi: Kwa Nini Msimu Hufungwa

Kusini-mashariki mwa Alaska, Marekani, boti za kukodi huanza kuvua samaki aitwaye lingkodi katikati ya Mei, si kabla. Sababu ni hii: majira ya baridi jike hutaga mayai kwenye nyufa za miamba, kisha huondoka. Dume hubaki akiyalinda kwa wiki kadhaa hadi yaanguliwe. Ukimvua dume huyo, mayai huliwa na samaki wengine.

Ukipanda boti, mpime samaki kabla ya kuamua kumchukua. Asiyefikia kipimo mrudishe upesi. Lingkodi hana kibofu cha hewa, hivyo hata akitolewa kwenye kina kirefu huweza kupona. Usimchome kwa upembo. Mkinge kwa wavu, mshike kwa mikono iliyolowa, umwachie. Tuuheshimu msimu, samaki wazaane.